Kidole Kabla ya Sindano

Mwaka 1915, Ulaya ikiwa katikati ya vita, madaktari wawili wa pande mbili zilizokuwa zikipigana waliandika jambo lile lile, kila mmoja kivyake. Paul Hoffmann kwa Wajerumani na Jules Tinel kwa Wafaransa walikuwa wakitibu askari waliokatwa mishipa ya fahamu na risasi na vipande vya mabomu. Waliona kwamba ukigonga taratibu kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva iliyoumia, utafika mahali ambapo mgonjwa hushtuka na kusema anahisi mchonyoto unakimbilia vidoleni. Hapo ndipo zilipofika nyuzi changa zinazoota upya. Ukirudi baada ya mwezi na kugonga tena, pamesogea mbele. Pasiposogea, kuna kitu kimeziba njia, na pengine kisu hakikwepeki. Katika ufundi wote wa kurekebisha viungo, sijui kipimo kingine kinachogharimu kidogo namna hii na kueleza mengi namna hii, wala sijui kingine kinachosahauliwa kwa wepesi kama hiki.

Thamani yake haionekani mpaka mtu akumbuke muda unavyofanya kazi katika jeraha la neva. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kwamba sehemu iliyotengwa na chanzo chake huharibika yote. Neva, basi, haiungi kama mfupa. Huota upya kutoka juu, na mwendo wake kwa mtu mzima ni kama milimita moja kwa siku. Msuli nao hausubiri: ukikaa mwaka, mwaka na nusu bila neva, hukonda, hujaa mafuta na kovu, na hata neva ikiufikia haiurudishii tena nguvu. Sasa piga hesabu ya mtu aliyeanguka na bodaboda, kichwa kikaenda huku na bega kule, neva za bega zikakatika. Kutoka shingoni hadi misuli midogo ya kiganja ni zaidi ya nusu mita. Kwa mwendo ule, nyuzi zitafika kiganjani baada ya miaka miwili hivi, na zitakuta msuli umekwisha. Herbert Seddon, aliyetibu majeruhi wa Vita Kuu ya Pili huko Oxford, aliyagawa majeraha haya mafungu matatu mwaka 1943: neva iliyozimia tu na itaamka yenyewe, neva ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ganda lake lingali zima, na neva iliyokatika kabisa. Siku ya kwanza zote tatu huleta mkono ule ule uliolegea. Ya kwanza ukiifungua, umemtesa mtu bure. Ya tatu ukiisubiri, umempotezea mkono. Ufundi ninaousifu unaanzia kwenye kuzipambanua hizo, sindano ikiwa bado ndani ya pakiti.

Sindano yenyewe, hata hivyo, inastahili kutazamwa kwa karibu. Alexis Carrel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kuunga mishipa ya damu, alikwenda kujifunza kushona kwa mdarizi wa Lyon, jambo ambalo siku hizi hutajwa kama kichekesho cha historia wakati lilikuwa ndilo somo lenyewe. Hadubini iliingia katika upasuaji wa mishipa midogo ya damu mwaka 1960, Julius Jacobson alipoitumia Vermont, Marekani, na wapasuaji wa neva hawakukawia kuichukua. Uzi wa kushonea neva ndogo una unene wa kama sehemu mbili za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele, na ukiangukia kitambaa cha mezani haupatikani tena. Mpasuaji hulaza mikono yote miwili mezani, kwa kuwa chini ya hadubini hata mtetemo wa kawaida wa mkono wenye afya unaonekana. Huikata ncha iliyochanika, kijipande chembamba baada ya kingine, mpaka kovu gumu liishe na mafungu ya nyuzi yajitokeze, yakiwa yamevimba kidogo juu ya mkato. Kisha huizungusha mpaka vishipa vya damu vinavyotambaa juu ya ganda vilingane na vya upande wa pili, maana ramani nyingine hana. Hushona mara chache iwezekanavyo, ganda kwa ganda, na kukaza fundo hadi ncha ziguse tu. Zikibanwa, nyuzi hujikunja na kuota kando, na kila mshono wa ziada huacha kovu lake.

Kiasi hicho cha kujizuia kilichukua miaka kufundishika. Pengo lilipokuwapo kati ya ncha mbili, wapasuaji walizivuta kwa nguvu, wakakunja kiungo na kukifunga plasta ili zisiachane. Hanno Millesi wa Vienna ndiye aliyeshikilia, hasa katika maandishi yake ya mwaka 1972, kwamba mvuto huo ndio unaozaa kovu, na kwamba ni afadhali kuziba pengo kwa vipande vya neva ya mgonjwa mwenyewe, ichukuliwayo nyuma ya mguu, ingawa gharama yake ni ganzi ya kudumu ubavuni mwa unyayo. Mwaka 1994 Christophe Oberlin na wenzake huko Paris wakaliangalia tatizo kwa upande mwingine kabisa. Neva za juu za bega zikiwa zimeng'oka kwenye mizizi, hakuna ncha ya juu ya kushonea, hata uzi uwe mzuri vipi. Lakini ndani ya mkono wa juu, neva inayokwenda hadi kidole cha mwisho inapita sentimita chache tu kutoka tawi linaloendesha msuli wa kukunja kiwiko. Fungu moja la neva hiyo, lile linaloendesha zaidi msuli wa kukunja kifundo cha mkono, likitambuliwa kwa kuchokolewa na umeme hafifu na kugeuziwa upande ule, mkono haupungukiwi sana, na safari ya nyuzi mpya inakuwa ya miezi badala ya miaka. Mtu aliyekuwa akining'iniza mkono hufikisha tena kijiko mdomoni. Huo ni utafiti wa hali ya juu, na vifaa vyake ni uelewa wa njia za neva, lenzi za kukuza na mishono michache.

Atakayepinga atasema kwamba mkono wa fundi unaelekea kuachwa nyuma, kwa kuwa siku hizi kuna mirija ya kuongozea nyuzi, kuna neva za wafu zilizosafishwa, kuna majaribio ya chembe hai maabarani. Nakubali. Kwa mapengo mafupi ya neva ndogo mirija inafaa, na hakuna sababu ya kumtia mtu ganzi mguuni bila haja. Ila kwa pengo refu la neva kubwa, kipimo ambacho kila kipya hulinganishwa nacho bado ni kile kipande cha neva ya mguuni. Na ushahidi unaotangazwa kwa shangwe mara nyingi umetoka kwa panya, mnyama ambaye neva zake huota kwa kasi na mguu wake ni mfupi kiasi kwamba nyuzi hufika msuli ukiwa bado na uhai. Swali la bega la binadamu mzima halijajibiwa hapo. Wengine watasema ni kidole cha Tinel kilichopitwa, maana kuna altrasaundi na kipimo cha umeme wa neva na misuli. Altrasaundi mikononi mwa anayeijua inaweza kuonyesha neva iliyokatika siku ile ile, hilo halina ubishi. Kipimo cha umeme, kinyume chake, hakionyeshi dalili za msuli uliokatiwa neva mpaka wiki mbili tatu zipite, na siku za mwanzo neva hupitisha umeme chini ya mkato, ikamdanganya asiyelijua hilo.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kuwa ufundi huu ni anasa kwetu. Lakini huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa mwaka 1957 na kukua kuwa AMREF, ilianzishwa na wapasuaji watatu wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alijifunza kwa jamaa yake Harold Gillies, mtu aliyejenga upya nyuso za askari wa vita vya kwanza. Hao hawakuona kwamba eneo hili ni la kungojea zamu yake. Tena sehemu ya ufundi inayookoa neva nyingi haihitaji hadubini. Mtu amekatwa na kioo juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kabla ya sindano ya ganzi, mguse kwa pamba ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na mgongo wa mkono karibu na gumba. Mwambie apanue vidole, anyooshe gumba, alikutanishe na kidole cha mwisho. Ni dakika mbili. Badala yake ngozi inashonwa vizuri, bandeji inafungwa, mgonjwa anaambiwa ganzi ni ya kawaida, itaisha. Inapokuja kujulikana kwamba haitaisha, vidole viwili vimekwisha kujikunja na nyama iliyo kati ya gumba na shahada imebonyea. Simlaumu mganga wa zamu mwenye foleni hadi mlangoni kama ninavyowalaumu waliomfundisha kwamba jeraha likifungwa kazi imekwisha.

Kwa aliyechelewa ipo kazi ya Paul Brand. Alijifunza ujenzi na useremala kabla ya udaktari, akafika Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akakuta watu wenye ukoma ambao mikono yao iliyojikunja hakuna mpasuaji aliyeishughulikia. Alihamisha kano za misuli iliyobaki hai zifanye kazi ya ile iliyokufa, kisha akaanzisha karakana ambamo waliopasuliwa walijifunza kutengeneza vitu vya mbao, wapate riziki. Alionyesha pia kwamba vidole havikupotea kwa sababu nyama ya mkoma ni mbovu, bali kwa kuungua na kujikata bila kuhisi. Kano inaweza kurudisha mkono unaoshika. Haiwezi kurudisha ncha ya kidole inayotofautisha sarafu mfukoni au inayojua sufuria ina moto kabla ya malengelenge. Na baadhi ya wanaosubiri upasuaji wa kano leo hawajawahi kuugua ukoma. Walikatwa na kioo, ngozi ikashonwa vizuri, miezi kumi na minane ikapita.