Ukali Bila Hesabu: Kuisoma Upya "Vocabulaire" ya Elisabethville

Katika madarasa yetu ya isimu huletwa mara kwa mara kurasa chache za kitabu kiitwacho *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, na wanafunzi huambiwa watafute ndani yake tofauti zilizopo kati ya Kiswahili cha Shaba na Kiswahili sanifu. Kazi hiyo huifanya vizuri. Huonyesha *ba-* mahali pa *wa-*, *njo* mahali pa *ndiyo*, *mu* mahali pa *katika*. Huhesabu maneno ya Kifaransa. Kisha hufunga kitabu. Nimesahihisha karatasi nyingi za namna hiyo, na nakiri kwamba nami niliandika moja nilipokuwa mwanafunzi. Katika makala haya nataka kusema waziwazi kwamba kusoma hivyo ni kutosoma. Tumemchunguza mtu meno badala ya kusikiliza anachosema.

Kitabu chenyewe kilipigwa taipu na kurudufiwa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, mji ambao mwaka uliofuata ulianza kuitwa Lubumbashi. Mwandishi anayetajwa ni André Yav. Kilijulikana na wachache tu mpaka Johannes Fabian alipokichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, insha ya ufafanuzi, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Maandishi ya asili hayafuati kanuni yoyote ya tahajia wala ya vituo, hata ikabidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ili maana ijitokeze. Jina lake linapotosha, kwa kuwa si orodha ya maneno hata kidogo. Walioandika orodha za maneno walikuwa wakoloni: vijitabu vya kumfundisha Mzungu mgeni namna ya kumwamuru boi wake alete maji, apige pasi, afunge mlango. Hapa aliyezoea kuamriwa ndiye anayeshika mashine ya taipu na kueleza mji ulivyojengwa. Fabian aliliona jambo hilo, na sina la kuongeza juu yake.

Ninachotaka kuongeza ni hiki. Kitabu hiki ni hoja. Ni maoni makali juu ya biashara na juu ya serikali, yaliyotolewa na watu waliokuwa mahali pazuri pa kuona. Mpishi na boi waliingia katika nyumba ambazo mchimbaji wa shaba hakuingia; walisikia mazungumzo ya mezani, walijua kilicholiwa na kilichotupwa. Hoja yao kuu, kama ninavyoisoma, ni kwamba historia ya mji huu ni historia ya kazi, na kwamba walioifanya kazi hiyo hawakulipwa kwa kadiri yake wala hawakutajwa. Hoja huweza kuwa kweli au si kweli, nzima au yenye mapengo. Heshima kubwa tunayoweza kumpa mwenye hoja ni kuipima. Sisi tumempa heshima ndogo zaidi, ile ya kuitwa "sauti ya wananchi", ambayo husifiwa bila kujibiwa. Ndivyo tulivyomfanyia pia mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu: alipomweleza Fabian picha zake, kwa Kiswahili, mwaka 1973 na 1974, alijihesabu kuwa mwanahistoria. Tukampokea kama msanii.

Basi tuipime. Mahali panaposhughulisha zaidi ni pale panapozungumzia *batumbula*, yaani wale waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu, wakafichwa, wakanenepeshwa, wakaliwa. Wahakiki wengi wameliweka jambo hili katika fungu la ngano. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alilichukua kwa uzito zaidi, akaliunganisha na hali ya kazi katika miji ya kikoloni. Nakubaliana naye, na ningependa kulisema kwa ufupi wa kwetu: mtu aliyeandikishwa kijijini, akapelekwa mgodini, akarudi mgonjwa au asirudi, alikuwa ameliwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi na katika miaka yake ya mwanzo iliwapoteza wengi kwa maradhi na ajali. Wenyeji waliona watu wakiingia na shaba ikitoka.

Lakini hapa ndipo ninapotengana na wanaokisifu kitabu hiki moja kwa moja. Kama tuhuma ya kuwa watu waliliwa kwa meno, habari ya batumbula si kweli, na mwandishi haiulizi maswali. Ukali upo, hesabu haipo. Hakuna idadi ya walioandikishwa, hakuna idadi ya waliokufa, hakuna mshahara wa mchimbaji uliowekwa kando ya faida ya kampuni. Najua sababu. Takwimu hizo zilikuwapo, zimeandikwa kwa Kifaransa, zimefungwa katika makabati ya ofisi ambazo boi aliingia kufagia tu. Mwandishi hakuwa na lawama kwa kukosa alichofichwa. Hata hivyo ukali usio na hesabu una tabia mbaya: hautulii mahali ulipoelekezwa.

Mfano wa kwanza ni sitiari tuliyoizoea mno, kwamba kazi *njo baba, njo mama*. Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo chetu, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto: posho kila juma, hospitali, shule, hata mafunzo ya ushoni kwa akina mama. Baada ya kampuni kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, mtindo huo uliendelea. Sitiari ya baba inasikika kama sifa, na wakati mwingine kama lawama chungu. Kwa maoni yangu ni sitiari yenye hasara katika hali zote mbili. Mfanyakazi ana mkataba, na mkataba una tarehe na kiasi. Mtoto hana mkataba. Anayemwita mwajiri wake baba amekwisha kukubali kwamba atakachopewa ni huruma, na siku baba akiondoka, atalia badala ya kudai.

Na baba aliondoka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990. Mwaka mmoja baadaye yakaja maporomoko ya nchi nzima, yaani uporaji wa 1991. Na kufika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa karibu tani 30,000. Nani aliyeiua kampuni? Lilikuwa swali la biashara na la sera: bei ya shaba, madeni, vifaa visivyokarabatiwa, fedha za mauzo zilizochukuliwa na serikali ya Mobutu. Kila sehemu ya jibu iliandikwa mahali fulani, wala haikusomwa barazani kwa lugha ya barazani. Kilichosomwa barazani kilikuwa kingine. Katika hotuba za siasa za miaka hiyo, zilizotolewa kwa Kiswahili kizuri na kikali, jirani aliyetoka Kasai aliitwa *bilulu*, yaani wadudu. Katika mwaka 1992 na 1993 makumi ya maelfu ya watu walifukuzwa nyumbani mwao, wakalala katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi wakafa hapo na njiani.

Naomba msomaji asipite upesi hapa. Tunapenda kukisifu Kiswahili cha Shaba kwa ukweli wake wa moja kwa moja, eti hakijui kuzungukazunguka. Miaka ile hakikuzungukazunguka. Ukali ule ule ambao mwaka 1965 ulimwelekea Mzungu na kampuni yake ulimwangukia mtu wa nyumba ya pili, kwa sababu yeye alionekana na vitabu vya mahesabu havikuonekana.

Nitapita haraka juu ya mwaka 2003 na 2004, si kwa sababu ni jambo dogo. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa Gécamines katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara ni neno ambalo mhakiki wa lugha angelishughulikia, kama angekuwapo. Waliotia sahihi walilalamika baadaye kwamba walipewa pungufu ya haki yao. Karatasi walizotia sahihi zilikuwa za Kifaransa.

Sasa tufike kwenye sheria. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 ilirekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Siku mbili kabla ya kutiwa sahihi, wakuu wa makampuni makubwa, Glencore na CMOC miongoni mwao, walikutana na Rais Kabila mjini Kinshasa kuipinga. Walikuwa na hoja, na baadhi ya hoja zao hazikuwa za kipuuzi: sheria ya 2002 iliwaahidi kwamba masharti yao hayatabadilishwa kwa miaka kumi. Ile mpya ilipandisha kutoka asilimia 2 hadi 3.5 malipo ambayo Kifaransa huyaita *redevance*, kwa upande wa shaba, na ikaweka asilimia 10 kwa madini yatakayotangazwa kuwa ya kimkakati, nayo kobalti ilitangazwa hivyo mwezi Novemba mwaka ule ule. Kati ya malipo hayo, nusu huenda serikali kuu, asilimia 25 jimboni, asilimia 15 kwa komini, sekta au utemi ulio na mgodi, na asilimia 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo kampuni hutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi.

Asilimia 15 na asilimia 0.3: hizi ndizo hesabu ambazo mwandishi wa 1965 hakuwa nazo. Zipo, zimechapishwa, na mtu wa kijiji chenye mgodi anaweza kuuliza kwa haki kabisa fungu lake liko wapi. Kwa lugha gani? Kifungu cha 142 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku sitini tangu kutiwa sahihi. Kwa sheria ya madini siku ya sitini ilikuwa tarehe 8 Mei 2018. Mzee mmoja wa komini ya Kenya, mstaafu wa kampuni, aliniuliza: "Profesere, ile sheria yabo, iko mu Kiswahili?" Nikamjibu, "Hapana, baba, mimi nimeisoma kwa Kifaransa." Hakusema neno. Aliitazama nakala mkononi mwangu, akanirudishia.

Wenzetu wa Tanzania walipita njia nyingine. Mwezi Machi 2017 serikali yao ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye madini, neno *makinikia* liliingia kila nyumba, na taifa zima likajadili kodi za kampuni ya Acacia kwa Kiswahili. Sitaki kupamba. Madai ya dola bilioni 190 yaliyotangazwa mwaka ule yaliishia katika mapatano ya dola milioni 300 na kampuni ya Barrick. Na Tundu Lissu, aliyeukosoa mwenendo huo hadharani, alipigwa risasi nyingi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Lugha ya wote haizuii makosa wala ukatili. Lakini Mtanzania wa kawaida aliyaona makosa hayo kwa tarakimu: alisikia 190, akasikia 300, na aliweza kutoa moja katika nyingine. Kwetu, serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti tarehe 22 Februari 2025, kisha kuweka kiwango cha tani 18,125 kwa miezi ya mwisho ya mwaka huo na tani 96,600 kwa mwaka 2026, tarakimu hizo zilizungumzwa ofisini kwa Kifaransa. Sokoni kulibaki uvumi kwamba fulani amefunga barabara ili auze peke yake.

Najua nitakachojibiwa katika idara: kwamba Kiswahili cha Shaba hakina istilahi. Jibu hilo ni la uvivu. Mafundi wa mji huu hufungua injini na kuifunga tena wakielezana kila kipande, na mahakama za mitaa huamua mirathi bila kuagiza kamusi. Tatizo la kweli ni gumu zaidi nalo ni letu: tutafsiri kwa Kiswahili kipi? *Redevance* kwa Kiswahili sanifu ni *mrabaha*. Neno zuri, na katika komini ya Kenya halitaeleweka na mtu. *Kodi* litaeleweka, na litakuwa kosa, kwa sababu kodi hutozwa kwa mapato, na malipo haya ni bei ya mali iliyotolewa ardhini, kampuni ipate faida au isipate. Yule mzee, nilipomweleza hivyo, alisema tu *redevansi*, kama walivyokuwa wakisema kambini, akaendelea na swali lake juu ya asilimia 15. Mimi ningeandika *redevansi* katika tafsiri, niweke maana yake mstari wa kwanza, na kazi ianze na vifungu vinavyogawa fedha.