Ujana wa Nani? Bendi Kongwe ya Roki na Hadhira Yake Jukwaani

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo uhakiki wa fasihi simulizi haujayashughulikia vya kutosha ni hali ya hadhira inayokwenda kumtazama fanani ambaye imemjua kwa miaka mingi bila kumwona. Katika muziki wa roki hali hii ni ya kawaida. Mtu huipenda bendi akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Huzisikiliza nyimbo zake katika santuri au kanda hadi akazijua pumzi kwa pumzi. Kisha, baada ya miaka ishirini au thelathini, hupata nafasi ya kusimama mbele ya jukwaa na kuzisikia kutoka vinywani mwa wenyewe. Je, anachokisikia wakati huo ni wimbo ule ule? Na ikiwa si ule ule, kasoro ni ya nani: fanani, hadhira, au kigezo tunachokitumia kuhukumu?

Makala hii inakusudia kulijadili swali hilo kwa kurejelea onyesho la Led Zeppelin lililofanyika katika ukumbi wa O2 jijini London tarehe 10 Desemba 2007. Tutalilinganisha onyesho hilo kwa ufupi na maonyesho mengine mawili ya bendi kongwe. Hoja yetu ya msingi ni kwamba hadhira ya namna hii huja kudai ujana wake yenyewe, na kwamba onyesho bora ni lile ambalo, badala ya kuutimiza udhanifu huo, huuacha wakati usikike.

Santuri kama Matini

Albert Lord (1960), akiendeleza utafiti alioufanya pamoja na Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba katika utendi simulizi hakuna matini asilia ambayo nyingine zote ni nakala zake. Kila mara utendi unapoimbwa, huwa umetungwa upya. Finnegan (1970) na Okpewho (1992) nao wamesisitiza, kwa kutumia mifano ya Kiafrika, kwamba fanani, hadhira na muktadha ni sehemu ya kazi yenyewe. Mhakiki wa leo anayaona mambo haya kuwa ya kawaida.

Hata hivyo, roki ni usimulizi wa aina nyingine, ule ambao Walter Ong (1982) aliuita usimulizi wa pili: usimulizi unaotegemea maandishi na mitambo. Wimbo wa roki hutolewa kwa sauti na kupokewa kwa sikio, lakini santuri huufunga kama kitabu kinavyoyafunga maneno. Msikilizaji akiurudia mara elfu moja, huusikia vile vile mara elfu moja. Hivyo basi, anapofika mbele ya jukwaa, huwa tayari anayo matini kichwani, nayo ni matini isiyobadilika. Kila tofauti kati ya matini hiyo na sauti ya jukwaani huiona kuwa ni kosa. Kwa maneno mengine, hadhira hii huhudhuria tukio la usimulizi ikiwa na tabia ya msomaji.

Katika kisa cha Led Zeppelin, tabia hii inapingana na historia ya bendi yenyewe. Katika miaka ya 1970 bendi hiyo ilisifika kwa kutozifuata santuri zake. Wimbo wa "Dazed and Confused", ambao katika albamu ya kwanza ya mwaka 1969 unachukua muda usiofika dakika saba, ulirefushwa jukwaani mwaka 1973 hadi ukazidi dakika ishirini na tano. Gitaa, ngoma na sauti vilikuwa vikijibizana, na mwisho wake haukuwa umepangwa wote. Ni dhahiri kwamba shabiki anayetaka jukwaa liinakili santuri anataka uaminifu ambao mafanani hao hawakuwahi kuuahidi, hata walipokuwa vijana.

Usiku wa London

Bendi ya Led Zeppelin iliundwa mwaka 1968 na ikavunjika mwaka 1980, baada ya mpiga ngoma John Bonham kufariki tarehe 25 Septemba akiwa na umri wa miaka 32. Jaribio la kuirudisha mwaka 1985, katika tamasha la Live Aid mjini Philadelphia, liliwaaibisha wahusika wenyewe kiasi kwamba baadaye hawakukubali lijumuishwe katika mkusanyiko wa tamasha hilo. Mwaka 2007 walikutana tena kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni ya santuri ya Atlantic, aliyefariki mwaka uliotangulia. Iliripotiwa kwamba maombi ya tiketi yalifikia milioni ishirini, ilhali ukumbi huingiza watu wapatao elfu ishirini tu. Robert Plant alikuwa na umri wa miaka 59, Jimmy Page 63, na John Paul Jones 61. Filamu ya onyesho hilo, iliyotolewa mwaka 2012, ndiyo inayotuwezesha sisi tuliokuwa mbali kulihakiki.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni sauti. Plant alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipozirekodi nyimbo nyingi zilizompa sifa, na ukali wa sauti yake ya juu ndio uliokuwa alama yake. Katika onyesho la 2007 baadhi ya nyimbo zilipigwa kwa ufunguo wa chini kuliko ule wa kwenye santuri. Msikilizaji mwenye tabia ya msomaji atasema kwamba fanani ameshindwa. Lakini mtu anayesikiliza kwa makini ataona kwamba uteremshaji huo umeibadili hisia: pale palipokuwa na majigambo ya kijana pana utulivu wa mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Wimbo umepata maana ambayo Plant wa mwaka 1971 hangeweza kuupa, kwa kuwa hakuwa ameishi vya kutosha.

La pili ni urithi. Nyuma ya ngoma aliketi Jason Bonham, mwana wa marehemu. Katika jamii zetu nyingi si jambo geni mwana kukirithi chombo cha babake na nafasi yake katika ngoma. Mrithi huyo hahukumiwi kwa kufanana na marehemu peke yake, bali kwa kuwafanya walio hai waendelee kucheza. Jason anazijua pigo za baba yake na anazitumia, lakini hajifanyi baba. Kuwapo kwake kunaitangaza hasara na kuifidia kwa wakati mmoja.

La tatu ni uteuzi wa nyimbo. Usiku ule bendi ilipiga "For Your Life", wimbo wa albamu ya mwaka 1976 ambao haikuwa imewahi kuupiga jukwaani. Kwa takriban miaka thelathini na mmoja wimbo huo ulikuwa na umbo moja tu, lile la santuri. Kwa hadhira iliyokuja kukumbuka, hapa palikuwa na kitu kisicho na kumbukumbu ya jukwaani. Kwa kitendo hicho wazee hao walidai haki ya kutenda jambo jipya.

Kuugandisha Wakati

Kinyume cha mkabala huo tunakiona katika onyesho la bendi ya ABBA ya Sweden, lililofunguliwa jijini London tarehe 27 Mei 2022. Ijapokuwa ABBA si bendi ya roki, onyesho lake linatufaa kwa ulinganishi. Wanamuziki hai wapo jukwaani, lakini waimbaji wanne wenyewe hawapo. Zipo taswira zao zilizotengenezwa kwa kompyuta, zenye sura za mwaka 1979. Hapa hadhira inapewa hasa inachokidai. Ufundi wake ni mkubwa, na furaha ya watazamaji si ya uongo. Hata hivyo, fanani amegeuzwa kuwa santuri yenye umbo la mtu: hadhira ikilia au ikinyamaza, taswira haiwezi kujibu. Uhusiano wa fanani na hadhira, ambao Okpewho aliuona kuwa uhai wa utendaji, umebaki upande mmoja.

Mfano wa pili unaijaribu hoja yetu kwa njia nyingine. Bendi ya WITCH ya Zambia ilikuwa miongoni mwa zile zilizoanzisha roki ya nchi hiyo katika miaka ya 1970. Katika waasisi wake, mwimbaji Emanuel "Jagari" Chanda ndiye aliyebaki. Alirejea jukwaani katika muongo wa 2010 akisindikizwa na vijana wa Ulaya, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa santuri zile zilipotoka. Hadhira hiyo haina ujana wa kudai. Inamsikiliza mzee kama mzee. Pengine ndiyo sababu bendi iliweza kutoa albamu mpya, *Zango*, mwaka 2023. Mzigo wa kumbukumbu ya hadhira ulipopungua, utunzi ulirudi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la "je, bado wanaweza?" ambalo mashabiki na waandishi wa magazeti hulipenda, ni swali la msomaji aliyekwama katika matini moja. Huzuni ya shabiki ni ya kweli na haifai kubezwa: anapoisikia sauti iliyoshuka, huusikia pia umri wake mwenyewe. Lakini huzuni hiyo si hukumu ya kisanaa, na mhakiki hana budi kuzitenganisha. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi, ambao wengi wao huzijua ngano kwa kuzisoma vitabuni, wamo katika hatari iyo hiyo wanapokutana na mtambaji hai na kumsahihisha kwa kitabu. Afadhali waanze kwa kuuliza mtambaji amebadili nini, na mabadiliko hayo yamemwezesha kusema nini ambacho kitabu hakikuweza kukisema.