Msamaha Una Mwenyewe: Kisasi, Msamaha na Uadilifu wa Vita katika Mzalendo Kimathi na Chozi la Heri

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna jibu moja kuhusu maudhui ya kisasi na msamaha ambalo limekaririwa hadi limechakaa. Mtahiniwa huandika kwamba Agano la Kale linafunza kisasi na Agano Jipya linafunza msamaha. Kisha humtaja mhusika mmoja aliyelipiza na kumwita mbaya, akamtaja mwingine aliyesamehe na kumwita mwema, akaweka kalamu chini. Jibu hilo si kosa lote, ila ni jepesi mno. Linampotezea mtahiniwa alama za uchambuzi. Zaidi ya hayo, linatufanya tuyasome vibaya Maandiko na kazi za fasihi zinazoyategemea.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba swali la msingi haliishii kwenye kulipiza au kutolipiza. Swali la msingi ni hili: msamaha ni wa nani? Nani ana haki ya kuutoa, na kwa kosa gani? Tutaanza na maneno yenyewe, tuingie katika Maandiko, kisha tuhakiki tamthilia ya Mzalendo Kimathi na riwaya ya Chozi la Heri. Mwisho tutatazama kwa nini suala hili lina uzito kwetu sisi tunaofundisha Kwale.

Maneno na methali

Neno 'kisasi' lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako qisas ni istilahi ya sheria. Maana yake ni malipo yanayolingana na kosa, bila kuzidi. Katika Kiswahili cha kila siku neno limepanuka, likawa na maana ya hasira inayotafuta pa kutua. Hata hivyo, asili yake ina kipimo ndani yake. Mwanafunzi akilijua hili, hataandika tena kwamba kisasi na vurugu ni kitu kimoja.

Methali zetu nazo zinavutana. Upande mmoja tunaambiwa kwamba dawa ya moto ni moto. Upande mwingine tunaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ya pili hutumiwa sana na viongozi wanapotaka watu wanyamaze. Lakini litazame tendo lililomo ndani yake: kuganga. Hakuna mganga anayetibu bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi na ameanza kuumwa lini. Mwenye kunyamazisha kilio kwa methali hii ameitumia nusu tu. Ndiyo maana wahenga walituachia na onyo jingine, kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Maandiko yanasemaje?

Sheria ya jicho kwa jicho inapatikana katika Kutoka sura ya 21, na inarudiwa katika Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati. Ili kuielewa, rudi nyuma hadi Mwanzo sura ya 4, kwa Lameki, anayejigamba mbele ya wake zake kwamba atalipiza mara sabini na saba. Ukisoma kutoka hapo, utaona kwamba sheria ya Musa ilikuja kuziba mdomo wa Lameki. Aliyetolewa jicho asidai kichwa. Sheria hiyo ilikuwa breki. Tena Walawi 19:18, katika Agano hilohilo la Kale, inakataza kisasi na kuagiza kumpenda jirani.

Sasa linganisha na Mathayo sura ya 18. Petro anauliza asamehe mara ngapi, naye Yesu anamjibu kwa hesabu inayoigeuza ile ya Lameki: saba mara sabini. Huu ni mwingiliano matini wa wazi, na mwalimu wa fasihi asiupite bila kuuonyesha.

Je, nani anayesamehe katika Maandiko? Yusufu anawasamehe ndugu zake waliomuuza. Aliyetupwa shimoni ni yeye mwenyewe, wala hasamehi kwa niaba ya mtu. Ndugu nao wamekwisha kukiri hatia yao kabla hajajitambulisha kwao. Stefano anawaombea wanaompiga mawe, na mawe yanamwangukia yeye. Msalabani hali ni hiyohiyo. Mtu anaweza kusema kwamba mifano hii miwili ya mwisho inaonyesha msamaha usiongoja toba. Ni kweli. Lakini katika yote miwili, anayesamehe ndiye anayevuja damu. Kwa upande mwingine, Luka 17:3 inaagiza kwamba mkosaji akemewe, na akitubu asamehewe. Zakayo naye, katika Luka 19, haishii kusikitika: anaahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya.

Katika madarasa yetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo ni vyema kutaja kwamba Kurani nayo, katika sura ya 2 aya ya 178, inapozungumzia kisasi cha mauaji inaipa familia ya aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea fidia. Habari za Yusufu pia zina sura yake nzima humo. Basi vitabu vyote viwili vinakubaliana katika jambo hili: msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Mwingine anaweza kumwomba autoe, ila hawezi kuutoa badala yake.

Kuhusu vita, mtahiniwa akumbuke kwamba Ukristo haukuwa na jibu moja. Warumi 12 inamwachia Mungu kisasi, na sura inayofuata inampa mtawala upanga wa kuadhibu maovu. Mtakatifu Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alijenga hoja kwamba vita huweza kuwa vya haki ikiwa vimeamriwa na mamlaka halali, kwa sababu ya haki na kwa nia njema. Shida huanza watu wanapobishana kuhusu sharti la kwanza. Mamlaka halali ni ya nani?

Mzalendo Kimathi: rehema isiyo yake

Hapo ndipo tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo inapotuingiza. Tamthilia hii iliigizwa Nairobi mwaka 1976, na tunaisoma kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Dedan Kimathi wa historia alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Waandishi wanamweka kizimbani, naye anakataa kuitambua sheria ya mkoloni. Kwa msimamo huo, anapinga sharti la Agostino kutoka ndani: mahakama inayomhukumu ndiyo isiyo na mamlaka halali.

Akiwa kizuizini, Kimathi anajiwa na washawishi mbalimbali, miongoni mwao kasisi Mwafrika anayemsihi atafute amani ya roho. Wanafunzi wengi humwita kasisi huyu msaliti, basi. Mchambue zaidi. Kosa lake kubwa ni la wakati: anamwomba aliyekanyagwa asamehe huku mguu ungali shingoni. Maneno yake ni ya Injili, lakini anayenufaika nayo ni mkanyagaji. Hiki ni kinaya kikali.

Onyesho la mahakama ya msituni lina utata mkubwa zaidi. Miongoni mwa wanaotuhumiwa kwa usaliti yumo ndugu yake Kimathi. Moyo wake unalegea, anachelewesha hukumu, na washtakiwa wanatoroka. Je, tamthilia inasema kwamba huruma ni udhaifu? Wahakiki wengi huliona hivyo. Mimi naliona vingine. Waliosalitiwa ni wapiganaji wote na familia zao vijijini. Kimathi anatoa rehema kwa sababu ya damu moja, yaani anagawa kitu ambacho si chake peke yake. Udhaifu wa shujaa huyu ni kusamehe kwa niaba ya wengine bila kuwauliza.

Hata hivyo, mhakiki asiwaachie waandishi kila kitu. Katika vita vya Mau Mau walikuwepo Wakristo wa uamsho waliokataa kula kiapo, na baadhi yao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Watu hawa wanatatiza picha ya tamthilia, ambayo inamwonyesha mtu wa kanisa kama kibaraka. Mtahiniwa anayelitaja pengo hili anaonyesha kwamba anahakiki, hasimulii tu.

Tukumbuke pia wakati tamthilia ilipoandikwa. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliwatuliza walowezi huko Nakuru kwa wito wa kusamehe na kusahau. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa katika sheria hadi mwaka 2003. Ilikuwa Juni 2013 ambapo serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya kizuizini na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Yaani taifa liliambiwa lisamehe mwaka 1963, na kosa likatajwa kwa jina lake miaka 50 baadaye, wengi wa wenye msamaha wakiwa wamekwisha kufa.

Chozi la Heri: jirani mwenye kiberiti

Riwaya ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014, inahamisha vita kutoka msituni hadi uani. Ridhaa anatazama magofu ya nyumba iliyoteketea pamoja na jamaa zake. Mkono ulioiwasha ni wa Mzee Kedi, jirani yake. Tangu utotoni Ridhaa ameitwa mfuata mvua, mtu wa kuja, na uchaguzi uliomkutanisha Mwekevu na Mwanzi unageuza kejeli hiyo kuwa moto. Msomaji wa Kenya haoni shida kutambua ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Mwandishi anatumia kinaya cha hali kwa ustadi. Mwangeka, mwana wa Ridhaa, ni askari aliyetumwa ng'ambo kudumisha amani. Analinda nyumba za watu asiowajua, na yake inateketezwa na mtu anayemjua. Kwa kinaya hicho riwaya inauliza kuhusu uadilifu wa vita: amani ya mbali ina thamani gani ikiwa jirani hajui kuishi na jirani?

Kaizari naye anashuhudia binti zake, Lime na Mwanaheri, wakitendewa unyama mbele ya macho yake. Hapa mtahiniwa atulie. Ni nani anayeweza kumsamehe aliyetenda hayo? Kaizari anaweza kusamehe uchungu wa mzazi tu. Ule mwingine ni wa Lime na Mwanaheri. Tukiandika harakaharaka kwamba familia ya Kaizari inapaswa kusamehe ili amani irudi, tumewanyang'anya mabinti hao kitu cha mwisho walichobaki nacho.

Riwaya inaelekea kwenye faraja: familia mpya zinaundwa kwa ndoa na malezi, ndugu waliopotezana wanakutana, na chozi linakuwa la heri. Uponyaji huo ni wa kweli na tusiubeze. Lakini angalia mahali uzito wa usimulizi ulipo. Tunaingia katika kumbukumbu za walioumizwa kwa kina kuliko tunavyoingia katika dhamiri za walioumiza. Wape wanafunzi kazi hii: wasome tena riwaya wakihesabu ni mara ngapi mkosaji anakiri kosa kwa kinywa chake. Kisha waulize kama uponyaji unaweza kukamilika bila sauti hiyo.

Kwa nini suala hili linatuhusu

Darasa la hapa Galu huwa na mwanafunzi wa Kidigo ambaye wazee wake ni wa Kinondo au Ukunda, na kando yake mwenzake ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi katika hoteli za Diani. Wote wawili walizaliwa baada ya Agosti 1997, lakini wote wamerithi habari zake.

Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari sita wakauawa na bunduki kuchukuliwa. Kaya Bombo, msitu mtakatifu, ulitumiwa kama kambi na mahali pa kiapo. Watu wa bara walilengwa, zaidi ya 100 waliuawa, maelfu wakahama, na wengine wakajihifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Msako wa polisi uliofuata nao ulileta mateso na ukamataji wa Wadigo wengi ambao hawakuwa na hatia. Tume ya Akiwumi ilichunguza, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali zilizopita na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10.

Radhi ya serikali ina nafasi yake, kwa kuwa serikali inaweza kukiri makosa yake yenyewe. Haiwezi kumsamehe mshambuliaji kwa niaba ya mjane. Wala haiwezi kumwambia kijana aliyeteswa kituoni kwamba yamekwisha. Katika darasa letu pande zote mbili zina majeraha, na kila upande huambiwa usahau. Fasihi haisahau. Ndiyo maana somo letu linaweza kufanya kazi ambayo mkutano wa hadhara haujaweza: kuwapa wanafunzi maneno ya kulitaja kosa bila kumnyooshea mwenzao kidole.

Hitimisho

Tumeona kwamba jicho kwa jicho lilikuwa kipimo cha kuzuia kisasi, kwamba saba mara sabini ni jibu kwa Lameki, na kwamba katika Maandiko anayesamehe ni aliyeumia. Mzalendo Kimathi inaonyesha hasara ya kusamehe kwa niaba ya wengine. Chozi la Heri inaonyesha kwamba walioumizwa wanaweza kuanza kupona hata mkosaji akiwa kimya, ingawa ukimya huo unabaki kuwa deni. Mtahiniwa anayejibu swali la msamaha aanze kwa kuuliza: kosa ni lipi, limetendewa nani, na anayesamehe ni nani? Majibu ya maswali hayo matatu yatambeba katika insha nzima.

Maswali ya kudurusu

1. "Huruma ya Kimathi kwa ndugu yake si huruma." Jadili kauli hii ukirejelea onyesho la mahakama ya msituni. (alama 20)

2. Fafanua jinsi kinaya kinavyotumika kukuza maudhui ya vita na amani katika Chozi la Heri. (alama 20)

3. Linganisha nafasi ya kasisi katika Mzalendo Kimathi na nafasi ya jirani katika Chozi la Heri. Ni yupi kati yao anayeuvunja zaidi uhusiano wa kibinadamu? Toa sababu. (alama 20)