Mbu, Mbuzi na Daftari la Imla

Mpe mtoto wa Darasa la Kwanza maneno mawili ya imla: mbu na mbuzi. Yanaanza kwa herufi zilezile, lakini mbu lina silabi mbili, m-bu, na katika mbuzi ile m imeshikana na b: mbu-zi. Akiandika "buzi", usimwite mzembe. Sikio lake limeshika b, sauti ya puani ikampita.

Daftari la namna hii ndilo ningelisoma kwanza kabla ya kuangalia alama zozote. Kwa miaka mingi watoto walikariri ba be bi bo bu hadi wakaweza kuimba ukurasa mzima macho yakiwa dirishani. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 ulirudisha kazi kwenye sauti: mtoto aisikie, aitambue herufi yake, aunganishe silabi, ndipo asome neno. Mkoa wa Ruvuma uliingia pia katika mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja ulioanza 2016 kwa ufadhili wa Marekani.

Mpango huo wa kuanzia kwenye sauti unakifaa Kiswahili, kwa kuwa herufi zake hazigeuki sauti ovyo. Utafiti wa 2003 uliolinganisha mifumo 13 ya tahajia ya Ulaya ulionyesha kuwa watoto wanaojifunza kwa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao wengi kufikia usomaji wa msingi, kwa sababu tahajia yake haitabiriki.

Ila Mbinga, huko huko Ruvuma, ina jambo lake. Kimatengo, lugha ya nyumbani kwa watoto wengi wa milimani, kina irabu 7. Kiswahili kina 5. Mtoto anayeandika "meti" kwa miti huenda anapanga sauti kama alivyozoea nyumbani. Huko Liuli na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, wanakozungumza Kinyasa, Kimanda au Kimpoto, mwalimu atakuta makosa ya namna nyingine, hivyo orodha ya makosa ya Mbinga Mjini haiwezi kuhamishiwa ziwani ilivyo.

Kuandika huchelewa zaidi kuliko kusoma. Anayesoma ng'ombe anasaidiwa na picha na maneno ya jirani. Anayeliandika lazima aitoe sauti, aitofautishe na ile ya ngoma, kisha akumbuke kibainishi. Kwa hiyo mwalimu ayapange makosa kwa sauti: irabu, sauti za puani, ng na ng'. Kila fungu lina zoezi lake. Jumla ya 4 kati ya 10 haimwambii aanzie wapi kesho.