Tao la Jiwe Jeusi

Fundi mwashi wa Goma halitamani jiwe la juu. Lava inapopoa, mvuke hunaswa karibu na uso wake, na jiwe hubaki na matundu tele. Yeye hutaka la chini, zito, lililopoa polepole. Hulibandua kwa mtaimbo, hulipasua kwa nyundo, hulipakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Akifika kazini hulizungusha mkononi kabla ya kulilaza: lenye pembe kali litashika kona, lililo bapa litabeba wenzake, na vipande vitaziba mapengo. Hakuna mawe mawili yanayofanana, lakini ukuta unanyooka.

Jiwe hilo limewaliza watu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wenyeji walirudi, wakajenga juu ya lava hiyo kwa lava hiyohiyo.

Kila nikitazama kuta hizo huwaza Orcival, kijiji cha milimani katikati ya Ufaransa, chenye kanisa la karne ya 12 la jiwe la kijivu la volkano. Ni mtindo wa Kiromaneski: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara. Waashi wa zama hizo hawakuwa na zege la nondo. Walisimamisha kiunzi cha mbao, wakapanga juu yake mawe yaliyochongwa kama kabari, kutoka pande zote mbili, hadi jiwe la kati likaingia. Kiunzi kikitolewa, uzito wenyewe huyabana mawe. Tao husukuma pembeni pia, ndiyo maana ukuta ukawa mnene.

Sisemi parokia za Rutshuru, jirani na Goma, zijenge paa la mawe. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021 ilipasua majengo mengi Goma. Juu ya vichwa vya waumini, bati ni busara. Lakini tao la mlango, likifungwa vizuri kwa mkanda wa zege, fundi wetu analiweza. Jicho la kulijua jiwe tayari analo.

Kinachoniuma ni plasta. Ukuta ukiisha, hutafutwa fedha za kuufunika na kuupaka rangi, na kazi yote ya mkono ule inapotea. Fedha hizo ningempa fundi, atulie kwenye mlango, achonge kila kabari apendavyo, na maungio yabaki wazi.