Sikio la Popi na Shilingi Elfu Sitini

Popi alianza kutikisa kichwa mwishoni mwa Machi, masika yalipoanza kuiloweka Tanga. Tulidhani ni maji ya mvua. Siku ya tatu akawa anasugua sikio la kulia ukutani mpaka chokaa ikashika doa la kahawia, na Babu, mlinzi wetu wa usiku, akaniambia asubuhi: "Mwanangu, mbwa huyu hakulala. Na mimi sikulala."

Sikio hilo lilitibiwa mara mbili. Mara ya kwanza vibaya, na aliyelitibu ni mimi. Mara ya pili vizuri, kwa pesa niliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa shilingi 60,000 na hapakuwa na nyingine hadi mwisho wa mwezi. Dawa iliyomponya haikuwa ghali kuliko zile zilizoshindwa. Kilichobadilika ni kitu cha kwanza kulipiwa.

Nianze na kosa langu. Niliingia duka la dawa, nikasema nataka dawa ya sikio la mbwa, nikapewa kichupa cha jentamisini, matone ya macho na masikio ya watu. Sikuulizwa kitu, nami sikuuliza. Nikatia matone mawili asubuhi na mawili jioni kama boksi lilivyoelekeza. Popi akatulia siku nne. Ya tano harufu ikarudi kali kuliko mwanzo, harufu ya togwa iliyoachwa ikachacha kupita kiasi. Nikanunua vidonge vya amoksilini, nikavificha ndani ya tonge la ugali. Havikusaidia. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linaniuma: nilichovya pamba kwenye spiriti, nikafuta ndani ya sikio lililokuwa tayari limechubuka. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na kwa siku kumi hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa upande ule wa kichwa. Wiki tatu zilipotea hivyo, pamoja na shilingi 11,000.

Kwa nini kila kitu kilishindwa? Jibu la kwanza liko kwenye umbile. Mfereji wa sikio la mtu ni mfupi na umekaribia kunyooka. Wa mbwa hushuka kwanza kama kisima, halafu hukata kona kuingia upande wa kichwani, na kiwambo cha sikio kipo mwisho wa kona hiyo. Uchafu ukishafika chini haupandi kwa urahisi. Kijiti cha pamba nacho huusindilia kwenye kona, mahali pasipofikiwa tena na kitu. Sasa hesabu matone yangu. Mililita moja hutoa matone kama 20, kwa hiyo matone mawili ni sehemu ya kumi tu ya mililita. Kwenye sikio la mbwa wa kilo 22, kiasi hicho hulowesha nywele za mlangoni, kikakaukia hapo. Nilikuwa natibu mlango wa nyumba ambayo ugonjwa wake uko chumba cha ndani.

Jibu la pili liko kwenye dawa yenyewe, nalo nililipata kwa daktari wa mifugo.

Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu mbwa. "Dada, umeshamtia nini humu?" Nikamtajia vyote, hata spiriti. Hakunigombeza. Akasema ni vizuri nimesema, maana wengi huficha na yeye hubaki akikisia. Kisha akaanza kulichunguza sikio la kushoto, lile zima. Nikamwambia ni la kulia linaloumwa. Akaeleza kwamba lazima alitazame kwanza lililo salama: mbwa akiumizwa mwanzo hatakubali tena, na pia asije akahamisha ugonjwa kwa kifaa. Kwenye la kulia, kurunzi ya otoskopu haikwenda mbali. Ngozi ya mfereji ilikuwa imevimba hadi njia ikabaki nyembamba kama mrija wa soda. Kiwambo hakikuonekana.

Jambo hilo la kutoonekana ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, na ndani zaidi viungo vya kusikia na vya kushika mizani ya mwili. Kiwambo kikiwa kimetoboka, dawa iliyo salama kwenye mfereji huweza kupenya ikaua usikivu. Jentamisini ni mojawapo ya dawa hizo. Kloreksidini, ile ya kusafishia vidonda, nayo pia. Nilikuwa nimemtia Popi dawa ya aina hiyo bila kujua kama ukuta ule ulikuwa umesimama au umeanguka.

Kisha ikaja slaidi. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ndicho kipimo ambacho watu wenye pesa kidogo hukiruka wakidhani ni cha hospitali za wakubwa. Daktari alizungusha kijiti cha pamba mlangoni mwa mfereji, akakibiringisha juu ya kioo, akapitisha kioo juu ya moto mara mbili tatu, akatia rangi ya Giemsa. Ni rangi ileile inayotumika kutafutia vimelea vya malaria kwenye damu ya watu na vya ndigana kwenye damu ya ng'ombe. Maana yake ni kwamba kliniki yoyote ya mifugo inayopima ndigana ina kila kinachohitajika kupima sikio la mbwa: hadubini, lenzi ya mara mia, tone la mafuta na mtu mwenye macho yaliyozoea. Alilipwa shilingi 10,000 kwa kazi hiyo. Aliniita nichungulie. Niliona vidude vya zambarau vimejazana, kila kimoja na kiuno katikati, mithili ya ganda la karanga lenye mbegu mbili. "Hao ni fangasi," akasema. "Malassezia. Bakteria wapo wachache tu."

Malassezia huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru. Sikio likipata joto, unyevu na nta nyingi, huzaliana kupita kiasi, na ile harufu ya kuchacha ni yao. Jentamisini haiwagusi kabisa, kwa sababu ni dawa ya bakteria. Zile siku nne za unafuu nilizipata kwa kupunguza bakteria, na fangasi wakabaki na uwanja mpana zaidi. Vidonge vya amoksilini vilikuwa na kasoro hiyohiyo, tena dawa ya kumeza hufika kwa shida ndani ya mfereji wa sikio, ambako tatizo lipo juu ya ngozi na katikati ya uchafu.

Uchunguzi ulifuta pia dhana nyingine. Jirani yangu alikuwa ameshauri sindano ya ivamektini ya ng'ombe, akiamini ni utitiri. Utitiri wa masikio upo, na dalili yake ni uchafu mweusi uliokauka kama machicha ya kahawa. Mzunguko wa maisha yake huchukua kama wiki tatu, kwa hiyo matibabu hulazimika kufunika muda huo wote, na mbwa na paka wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Ila kwa Popi hakuonekana utitiri hata mmoja. Ivamektini ya asilimia 1 hupimwa mililita moja kwa kilo 50 za ng'ombe, na jirani alikuwa anazungumzia mililita mbili kwa mbwa wa kilo 22. Wapo mbwa, hasa wa ukoo wa collie na machotara wao, ambao kwa urithi wao dawa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo. Namshukuru Mungu kwamba siku ile pesa ya sindano sikuwa nayo.

Mpango wa daktari ulikuwa na hatua zinazotegemeana, na mpangilio wake ndio uliookoa pesa. Kwanza uvimbe ushuke, kwa kuwa dawa haiwezi kupita palipozibwa. Akaandika prednisoloni kwa siku 5 kufuatana na uzito wa Popi, akanionya kwamba atakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, na kwamba nisiiongeze siku hata moja bila kumwambia. Vidonge vyote viligharimu shilingi 1,500. Kati ya vyote nilivyonunua, hivyo ndivyo vilivyoleta mabadiliko ya haraka: siku ya tatu Popi alilaza kichwa kwenye goti la Babu kwa upande ule ule wa kulia.

Pili, kusafisha. Siki na dawa kali zikakatazwa mpaka kiwambo kionekane. Nikaruhusiwa maji ya chumvi tu: nusu lita ya maji yaliyochemshwa, kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yanapoa hadi kuwa vuguvugu. Nilikuwa nayajaribu kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto mchanga, kwa sababu maji baridi yakifika ndani humtia mbwa kizunguzungu. Babu alimkumbatia kifuani, mimi nikajaza sikio taratibu, kisha nikakanda shina lake chini ya tundu. Ukikanda vizuri unasikia mlio kama wa mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji. Baada ya hapo anaachwa ajitikise, na kinachotoka nje ndicho kinachofutwa, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kidole. Kidole hakiwezi kufika pabaya. Kila alipomaliza alipewa dagaa.

Tatu, nusu saa baadaye, dawa yenyewe: klotrimazoli ya asilimia 1, ya maji. Daktari alisisitiza nisome boksi nihakikishe haikuchanganywa na dawa ya ganzi, kama zilivyo nyingi za masikio, kwa sababu ya kiwambo ambacho bado hatujakiona. Hatukutumia matone. Nilivuta nusu mililita kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asubuhi na jioni, nikakanda tena. Kichupa cha mililita 15 kikaisha kwa siku 15 kamili, nikanunua cha pili. Vyote viwili vilikuwa shilingi 10,000.

Wiki moja baadaye mfereji ulikuwa umefunguka na kiwambo kikaonekana, kizima. Nilitoka nje ya kliniki nikalia kidogo. Slaidi ya pili, baada ya wiki mbili, ilikuwa na vile vidude vichache, na dawa ikaendelea wiki moja zaidi. Sikio linaweza kunyamaza mapema wakati fangasi bado wamejaa kwenye kona, na huko ndiko ugonjwa hurudi kutokea.

Ukijumlisha, kumwona daktari kuligharimu shilingi 20,000, slaidi mbili 15,000 kwa kuwa ya pili alipunguza, dawa zote 11,500, chumvi na bomba 1,000, bajaji 12,000. Jumla 59,500. Zaidi ya nusu ya pesa ilikwenda kwenye kutazama, na dawa zote kwa pamoja zilizidi kidogo tu zile shilingi 11,000 nilizopoteza mwanzoni kwa kukisia.

Kuna mahali hesabu hii haifiki. Slaidi ingeonyesha bakteria wenye umbo la fimbo, hasa wale wa jamii ya Pseudomonas, ingebidi sampuli ipelekwe maabara kuoteshwa ili ijulikane dawa gani inawaua, na elfu sitini yangu isingetosha. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayepepesuka, au ambaye uso umelegea upande mmoja, hasubiri mwisho wa mwezi. Huenda ugonjwa umeshapita kiwambo. Na anayejitikisa mno huweza kupasua mishipa midogo ya damu ndani ya jani la sikio, likajaa na kutuna kama andazi, hapo mara nyingi ni gharama ya upasuaji.

Limebaki swali la kwa nini Popi. Masikio yake yananing'inia, na Jumapili huogelea baharini Raskazone na watoto. Lakini pia hulamba nyayo zake kila masika, na daktari anashuku mzio wa ngozi. Kuhusu bahari tumechukua hatua: akitoka majini masikio hukaushwa, na kwa kuwa kiwambo ni kizima na ngozi imepona, huoshwa kwa siki nyeupe ya asilimia 5 iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa nusu kwa nusu. Kuhusu mzio tutajaribu chakula kwanza: wiki nane za viazi na nyama ya mbuzi, vitu asivyowahi kula, bila dagaa wala ugali. Babu ndiye tunayemhofia, maana hula na Popi usiku.

Jumamosi iliyopita nilinusa sikio la kushoto, likanuka kidogo. Kichupa cha pili cha klotrimazoli kina dawa bado, kiko kabatini. Sikukigusa. Nilimpigia daktari, akasema nimlete Jumatatu na nisimwoshe kabla, ili slaidi iwe na kitu cha kuonyesha.