Neno "shoti" na tafsiri ya "galop"

Mfasiri atokaye katika Kifaransa kuja Kiswahili hukutana na neno galop kwa njia mbili, na mara nyingi hukosea katika zote mbili.

Njia ya kwanza ni ya farasi mwenyewe. Kiswahili kinalo neno lake, shoti: farasi huenda shoti, au hupiga shoti. Wafasiri wengi huliacha wakaandika mbio. Lakini mbio ni neno pana. Mtoto hupiga mbio, na mbuzi pia. Shoti haitaji kasi peke yake, bali namna ya mwendo. Picha alizopiga Eadweard Muybridge huko California mwaka 1878 zilithibitisha kwamba farasi apigaye shoti hufikia nukta ambapo miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo, wala hakuna ukwato ugusao ardhi. Wachoraji wengi wa kabla yake walikuwa wameinyoosha miguu hiyo mbele na nyuma.

Huenda ikajibiwa kwamba msomaji wa Kongo hamjui farasi, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wa nagana vimemzuia mnyama huyo kuenea katika sehemu kubwa ya nchi. Hoja hiyo yaligeukia wanaoitoa. Asiyemwona farasi njiani ndiye anayehitaji zaidi neno la kumwonyesha mwendo wake, hasa likisaidiwa na mshindo wa kwato na vumbi lililomo katika habari yenyewe.

Njia ya pili ni ya sitiari, kama katika inflation galopante. Hapa kosa ni kinyume: shoti huletwa mahali isipoitwa. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, shoti ni pia upungufu wa fedha katika hesabu, na hitilafu ya umeme. Kwa hiyo "bei zinapiga shoti" ni fumbo, si picha. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilipochukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, hapakuhitajika farasi ili kueleza hali ya soko: bei zilipanda mbiombio, na msemo huo watosha.

Basi, farasi akiwapo katika matini, shoti ibaki. Akiwa amebaki jina tu katika msemo wa Kifaransa, mfasiri amwache huko huko.